Furushi Lililorudi na Uzi Wake

Chumba cha ushonaji cha hospitali kizima kilimwita Mama Bandi, na jina hilo alilipata kwa haki. Kwa miaka thelathini na mmoja alikaa kwenye cherehani ya tatu kutoka mlangoni, ile iliyo karibu na dirisha linalotazamana na chumba cha kufulia, mvuke ukimpiga shavu moja kutwa nzima. Alishona mashuka, foronya, aproni za wauguzi na yale magauni ya wagonjwa yanayofungwa mgongoni. Alitia viraka pale ambapo wengine wangetupa. Na hakuna furushi hata moja lililotoka mikononi mwake bila bandi.

Bandi, kwa asiyejua, ni ule mshono mrefu wa muda, wa kushikiza tu, ambao hukatwa baadaye. Katika chumba kile ilikuwa na kazi moja zaidi. Fundi akimaliza nguo kumi na mbili alizikunja, akazipanga, akazipiga bandi ya uzi mwekundu pembeni mahali patatu, kisha akafunga fundo lake. Kila fundi na fundo lake. La Mama Bandi lilizunguka mara mbili kwa kushoto na kupita chini, maana alikuwa wa shoto, na hakuna mtu mwingine mle ndani aliyeweza kuliiga hata kwa kufundishwa. Nguo ya juu kabisa iliachwa huru, orodha ikiwa imebanwa kwa pini. Furushi likifika stoo, bwana stoo alitakiwa akate uzi, akague nguo moja moja, ndipo aseme nzuri au mbaya.

Alitakiwa. Sasa mwaka mmoja bwana stoo akamrudishia furushi, eti mishono imekwenda upogo. Mama Bandi akaligeuza, akaona uzi wake mzima, fundo lake limelala vilevile alivyolilaza. Akalitia kichwani, akapanda ngazi, akalibwaga juu ya kaunta mbele ya watu.

"Umekagua?"

"Nimekagua, mama."

"Ulipitia wapi? Kwenye tundu la sindano?"

Waliokuwapo walicheka hadi wakashika mbavu. Tangu siku ile bwana stoo alikuwa akikata uzi wa Mama Bandi kabla hata ya kuvuta kiti.

Huyo ndiye mwanamke ninayemsimulia. Hakumwogopa bwana stoo, wala matroni, wala daktari mkuu mwenyewe. Ndiyo maana inakera kueleza kwamba mwanamke huyohuyo aliishi miaka saba akiiogopa bahasha.

Kuogopa kwake kulianza zamani, darasa la sita. Mwalimu aliwapa insha ya kueleza mtu wanayemfahamu, naye akamweleza mama yake, dobi, jinsi alivyokuwa anazijua siri za nyumba za watu kwa kuziona nguo zao tu. Aliandika kurasa tano. Mwalimu akasoma mistari michache ya mwanzo, akamwangalia kutoka unyayoni hadi utosini.

"Hii umenakili wapi?"

"Nimeandika mwenyewe, mwalimu."

"Mtoto wa dobi? Wewe?" Akaichana vipande vinne, akampa avipeleke jalalani kwa mikono yake. Darasa zima likimtazama anavyotembea.

Darasa la saba lilipokwisha baba yake alisema kusoma kumetosha, na kukatosha kweli. Lakini kuandika hakukumtoka. Kulimkaa mwilini kama upele: ukinyamaza wiki mbili, ya tatu unawasha. Aliolewa, akazaa binti mmoja, akafiwa na mume, na wakati wote huo alikuwa akiandika. Saa ya mapumziko ya mchana, wenzake walipolala juu ya marobota ya vitambaa, yeye alitoa daftari chini ya cherehani.

Alichoandika kilikuwa habari za mkunga. Mama aliyewapokea duniani nusu ya watoto wa mtaa wake, na alipokufa mwenyewe hakupatikana mtu wa kumwosha. Alikuwa akiisimulia vipande vipande kwa fundi wa cherehani ya pili, mwanamke mnene, mcheshi, waliyemwita Bi Foronya. Lakini hakumwambia kuwa ni hadithi.

"Ehe, jana uliniachia yuko hoi kitandani," Bi Foronya angesema, uzi ukiwa mdomoni. "Ameamkaje?"

"Bado."

"Na yule mkwewe?"

"Hajaja."

"Mwana wa haramu yule!"

Siku mkunga alipokufa Bi Foronya alilia mpaka akaharibu foronya mbili. Akafuta machozi, akauliza msiba uko mtaa gani, akitoka kazini apitie kutoa pole. Mama Bandi alisimamisha cherehani. Ilibidi amweleze ukweli.

"Yaani hayupo?" Bi Foronya aliuliza. "Hakuwahi kuwapo?"

"Nimemtunga."

Bi Foronya alimtandika kofi la bega. "Mshenzi we! Nimemlilia mtu wa karatasi? Basi kaiandike vizuri, uwapelekee wenye vitabu, wengine nao walie. Nisilie peke yangu."

Ilimchukua miezi minane kunakili yote kwa mwandiko safi, kurasa mia mbili na kumi na mbili, kwenye karatasi zenye mistari. Na ilipokwisha, akafanya kile ambacho mkono wake umezoea kufanya kazi inapokwisha. Hakuwaza hata kidogo. Alizishona karatasi upande wa kushoto zisitawanyike, kisha akazipiga bandi ya uzi mwekundu upande wa kulia, mahali patatu, akafunga fundo lake. Ukurasa wa kwanza akauacha huru, kama nguo ya juu. Ungeweza kuchungulia katikati ya karatasi, kama mtu achunguliavyo mlango wa jirani, lakini kusoma, hapana. Kusoma kulitaka mkasi. Akatia kwenye bahasha, akaipeleka posta, akaituma kwa kampuni ya vitabu.

Ilirudi baada ya miezi mitano. Karani wa posta aliisukuma dirishani, nene vilevile ilivyoondoka, na Mama Bandi akajua palepale kwa uzito wake. Juu kulikuwa na barua. Aliisoma amesimama, watu wakimpita kwa mabega.

Wasomaji wetu wawili wameupitia mswada wako kwa makini, barua ilisema. Lugha ni ya kawaida mno. Wahusika hawana uhai. Mwisho wa hadithi haumshawishi msomaji. Tunakushauri ujiendeleze kielimu kabla ya kujaribu tena. Chini, sahihi ya mhariri, imepinda kwa madaha kama mkia wa jogoo.

Miguu ilimwisha nguvu. Alikaa kwenye ngazi za posta, mtu mzima na heshima zake, akaona vipande vinne vya insha vikielea mbele ya macho yake. Hakuutoa mswada ndani ya bahasha. Aliirudisha barua kwa juu, akakunja mdomo wa bahasha, na alipofika nyumbani akaitupa juu ya kabati, nyuma ya sanduku la marehemu mumewe.

Kuanzia hapo akawa mtu mwingine katika jambo hilo moja. Duka la vitabu akiliona mbele, anavuka barabara. Bi Foronya alipouliza, alijibu kwamba panya wamezitafuna karatasi. Hospitali ilipotafuta watumishi wa kuandika kumbukumbu zao kwa ajili ya jarida, alisema mkono unamuuma, na jioni hiyohiyo akashona magauni tisa kwa mkono huo unaouma. Aliandika bado, maana upele haukupona, lakini kila daftari lililojaa alilifungia sandukuni. Lisionwe na mtu. Asiambiwe tena na mtu kwamba watu wake hawana uhai. Miaka saba hiyo, jamani! Tangu mtoto azaliwe mpaka aanze shule.

Akastaafu. Na ilikuwa baada ya kustaafu, Jumapili moja mchana, ndipo binti yake, mwalimu wa shule ya msingi, alipokuja na habari. Kampuni ileile imefungua milango kwa waandishi wapya. Mtu yeyote aweza kwenda mwenyewe na mswada wake mkononi, siku yoyote ya wiki ijayo.

"Peleka, mama."

"Nipeleke nini?"

"Usijifanye. Nimelelewa katika nyumba hii, nayajua yaliyomo kwenye sanduku la baba."

"Walishanikataa hao."

"Kwa kosa gani?"

"Kwa kutokujua." Mama Bandi aliinuka, akaanza kufuta meza iliyokwisha futwa. "Wasomi wawili walikaa chini, wakanisoma, wakaniona sina kitu. Sasa wewe unataka wanione mara ya pili? Niache, mwanangu. Mimi ni fundi nguo."

"Waliandika hivyo?"

"Kasome mwenyewe, iko juu ya kabati. Mimi siigusi."

Binti alipanda kwenye kigoda, akaishusha bahasha, akapuliza vumbi, akapiga chafya mbili. Alisoma barua kimya. Kisha akautoa mswada, akaushika kama mwalimu anavyoshika daftari la mtoto, akataka kufungua katikati. Karatasi zikakataa.

"Mama, mbona zimeshonwa?"

"Ni bandi tu hiyo. Ndivyo tufanyavyo kazi ikiisha."

"Uliishona wewe?"

"Sasa nani mwingine?"

"Na wao walipomaliza kusoma wakaishona tena?"

Kitambaa cha kufutia kikasimama mezani. Mama Bandi aligeuka polepole. Alinyoosha mkono, akaupokea mswada, akautafuta mfuko wa aproni, akavaa miwani. Uzi mwekundu ulikuwa umefifia kidogo. Mahali pa kwanza, mzima. Mahali pa pili, mzima. Mahali pa tatu, palipo na fundo, mizunguko miwili kwa kushoto na mkia umepita chini, umelala vilevile alivyoulaza kwa kidole gumba chake mwenyewe miaka saba iliyopita. Na juu ya ukurasa wa kwanza, pale penye jina la hadithi, palikuwa na duara la kahawia. Alama ya kitako cha kikombe.

Hakuna aliyesoma. Hakuna hata mtu mmoja aliyeufikia ukurasa wa pili.

"Wameuwekea kikombe," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. Halafu haikuwa ndogo tena. "Wameuwekea kikombe! Mkunga wangu wamemfanya kisahani! Halafu wakanyanyua kalamu wakaniambia mwisho haushawishi. Mwisho upi? Waliuona wapi? Waliuota?"

"Mama, kaa kwanza."

"Sikai! Nimekaa miaka saba!" Alipiga meza, kikombe cha binti kikaruka. "Mimi nilikuwa najilaumu. Nilikuwa nalala najiambia, lugha yako ya kawaida mno wewe mwanamke, kajiendeleze. Kumbe hao wasomi hata kukata uzi hawakujua! Bwana stoo ana nafuu, yeye alimaliza darasa la nne tu!"

Binti alichukua mkasi mezani. "Basi tuukate, tuusome wote."

"Weka mkasi chini," alisema Mama Bandi. "Huo uzi ni shahidi wangu."

Jumatatu asubuhi alivaa gauni lake la kitani, lile aliloagwa nalo kazini, akatoka. Ofisi za kampuni zilikuwa ghorofa ya pili, zulia jembamba, makasha ya vitabu yamepangwa hadi kwenye choo. Binti wa mapokezi hakuinua kichwa.

"Una miadi, mama?"

"Ninayo. Ya miaka saba."

Msichana aliinua kichwa. Kitu alichokiona usoni mwa yule mama kilimfanya ainuke na mwili wote, akagonga mlango wa ndani.

Mhariri ndiye yuleyule wa sahihi ya mkia wa jogoo. Alikuwa mtu wa makamo, miwani imepandishwa kwenye paji la uso, kikombe cha chai mkono wa kulia. Mama Bandi alikitazama kile kikombe kwanza. Kisha akaiweka barua mezani.

"Umeandika wewe?"

Mhariri alishusha miwani. "Sahihi ni yangu, ndiyo. Karibu uketi, mama."

"Nitaketi ukishanijibu. Wasomaji wako wawili waliisoma kazi yangu kwa makini?"

"Kama barua inasema hivyo, basi waliisoma. Sisi hapa tuna utaratibu."

Ndipo akautoa mswada na kuulaza juu ya meza, uzi ukimwelekea. "Naomba basi unifungulie ukurasa wa mwisho. Ule usioshawishi."

Mhariri alijaribu kufungua. Akajaribu upande wa pili. Aliuinua, akachungulia katikati ya karatasi jicho moja limefumba. Masikio yake yakaanza kubadilika rangi.

"Labda waliusoma, halafu wakaufunga tena kama ulivyokuwa," alisema.

"Sawa. Huu hapa uzi wa rangi ileile, hii hapa sindano." Alivitoa mkobani, akavipanga mbele yake. "Funga fundo kama hilo. Ukiweza naondoka, na nakuomba radhi."

Mhariri aliitazama sindano. Nje ya mlango binti wa mapokezi alikuwa ameacha kupiga chapa.

"Mama, uelewe," alisema mwishowe. "Tunapokea miswada mingi mno. Mingine inakuja kwa magunia. Barua ile ni... ni barua tunayowapa wengi."

"Mingi sikukuuliza. Ungesema hamkupata nafasi, ningeelewa. Mimi nimeshona hospitali, najua kazi kuzidi mikono. Ungerudisha na neno moja, haijasomwa, ningeipeleka kwingine. Lakini wewe ulisema umekagua! Uliwahukumu watu wangu kuwa wamekufa bila kuwashika hata mapigo. Ukaniambia nikasome. Nisome nini, wewe usiyesoma?"

Mhariri aliweka kikombe sakafuni, mbali na karatasi zote. Alipoongea, sauti ya ofisini ilikuwa imemtoka.

"Huna kosa. Mimi ndiye niliyekosa. Uniachie. Nitausoma mwenyewe, wote." Akafungua mtoto wa meza, akatoa mkasi, akausogeza kwenye uzi.

"Ngoja!"

Neno lilimtoka Mama Bandi kabla hajalijua. Mkono wake ulikuwa umeshafunika fundo. Hasira iliyomsukuma kutoka nyumbani hadi ghorofa ya pili ilikuwa imefika mwisho wa safari yake, na nyuma yake alisimama mtu wa zamani, mtoto wa darasa la sita mwenye vipande vinne mkononi. Kwa maana uzi ukiwa mzima, yeye ndiye aliyedhulumiwa, na dunia yote ingekubali. Ukikatwa, atasomwa. Na akisomwa, huyu mtu aweza kusema mbaya, na safari hii ikawa kweli.

Angeweza kuondoka. Angebeba furushi lake na ushindi wake, akawasimulie akina Bi Foronya, wacheke mwaka mzima.

Alivuta pumzi. Alikumbuka mafurushi yake yote, miaka thelathini na mmoja, hakuna hata moja alilolipigia bandi ili lisifunguliwe. Aliondoa mkono.

"Huo mkasi wako butu," alisema, na kweli ulikuwa butu. Alitoa wake mkobani. Akakata mahali pa kwanza, pa pili, akasita kidogo, akakata pa tatu. Uzi mwekundu akauzungusha kidoleni, akautia mfukoni.

"Soma. Ukiona mbaya useme mbaya, mimi si yai. Lakini uniambie mbaya ukurasa gani, mstari gani. Nisipate tena barua ya wengi."

Wiki tano zikapita. Bahasha ilirudi posta, nene. Karani aliisukuma dirishani, na Mama Bandi akajua kwa uzito wake kama alivyojua mara ile. Aliifungua palepale, amesimama.

Ilikuwa hapana. Si sasa, mhariri aliandika, kurasa tatu kwa mkono wake. Sura za mwanzo alizisoma mara mbili; pale mkunga anapokosa mtu wa kumwosha palimfanya afunge mlango wa ofisi. Lakini mkwe anaingia kuanzia ukurasa wa mia na kumi na hana sababu ya ukatili wake. Katikati hadithi inakwenda mbio kisha inalala. Na ukurasa wa tisini na nne, pale penye uzazi mgumu, hauaminiki. Arekebishe, alete tena, safari hii karatasi zikiwa wazi. Pembeni mwa karatasi, toka mwanzo hadi mwisho, palikuwa na alama za kalamu ya risasi.

Mama Bandi alisoma hadi nukta ya mwisho. Aliitazama miguu yake. Ilikuwa imesimama vizuri tu.

"Ukurasa wa tisini na nne hauaminiki?" alimwambia karani wa posta, ambaye hakuwa na habari yoyote. "Huyu bwana amezaa lini? Amemshika mzazi mkono lini? Hebu niambie wewe!"

"Sijui, mama. Kuna watu nyuma yako."

Alitembea hadi nyumbani akigombana na mhariri njia nzima, kwa sauti, mikono ikipepea. Kuhusu mkwe, alipofika kwenye kona ya nyumba yake, akanyamaza. Akasimama. Kuhusu mkwe yule mtu alikuwa na haki, na hilo nalo lilimchukiza.

Ilimchukua miezi minne. Ukurasa wa tisini na nne hakuugusa, badala yake aliandika barua ya kurasa mbili kumweleza mhariri uzazi mgumu ulivyo. Mkwe alimtengeneza upya, akampa jeraha la kubeba. Jumamosi moja binti alimkuta mezani, karatasi mpya zimepangwa sawasawa, sindano mkononi, uzi mwekundu umeshapita tunduni.

"Mama! Si uliambiwa ulete karatasi zikiwa wazi? Unapiga bandi tena?"

Mama Bandi alizungusha fundo kwa kushoto, mara mbili, akalipitisha chini, akalilaza kwa kidole gumba.

"Wakate," alisema. "Mkasi wanao."